Jina la kwenye Leseni

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza tena. Kila mwaka nasema huu ni wa mwisho, na kila mwaka kaka yangu anakuja na bahasha yake ya kahawia, anaiweka mezani katikati ya mkate na zeituni, anasema, "Mena, tuagize." Tuagize maana yake mimi niagize.

Yeye ndiye mkuu wa chumba cha moto cha Mtakatifu Marina. Wako kumi na mmoja: waashi, fundi bomba, mwalimu wa hesabu, mwenye duka la rangi. Hawalipwi. Wakitoka kazini kwao wanakwenda kule mashambani kutengeneza fataki za sikukuu yetu ya Julai, kama wenzao wa Mtakatifu Ġenesju wanavyotengeneza zao za Agosti. Kijiji kimoja, watakatifu wawili, na hatuna haraka ya kupatana. Wote kumi na mmoja wanajua kufunga tufe la fataki. Hakuna anayejua kujaza fomu. Mimi nilikaa ofisi ya kodi miaka thelathini na moja, basi ikaonekana hii ndiyo starehe yangu ya uzeeni.

Bahasha ya mwaka huu ina mchoro wa Taji. Kaka amekuwa akiuchora na kuufuta kwa miaka kumi na mmoja: tufe moja, milipuko mitano, mmoja baada ya mwingine, na wa tano unafunguka mwekundu kisha unageuka mweupe juu ya kanisa. Septemba anatimiza sabini, na daktari wa leseni atampima. "Ni mwaka huu au basi tena," alisema, akachukua zeituni ya mwisho.

Ijumaa, 22 Machi

Dukani kwa Doris kunakili karatasi. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa Njiwa, mkuu wa chumba cha moto cha Ġenesju, naye ana bahasha ya kahawia. Ni msimu wake. Tuliinamishiana vichwa kama watu waliokutana msibani. Doris anatunakilia pande zote mbili na kutusengenya pande zote mbili.

Jina la Njiwa kwenye karatasi ni Carmelo Farrugia. La kaka yangu pia. Si ndugu; ni kijiji tu, ambako nusu ya watu ni Farrugia na mtoto wa kiume akizaliwa anabatizwa Carmelo, yaani Karmnu kwa lugha yetu, kabla baba hajauliza. Kwa hiyo majina ya karatasi hayatumiki. Huyu anafuga njiwa, basi ni Njiwa. Wa kwetu utotoni hakumruhusu mtu kugusa ukoko wa wali wa oveni, basi ni Ukoko, na hata padri anamwita Ukoko.

Nakala ya leseni ilitoka picha imekuwa doa jeusi. "Wino unaisha, mpenzi," Doris alisema. "Lakini jina linasomeka."

Nililisoma. Linasomeka. Nikabana pini.

Jumanne, 2 Aprili

Ukiagiza viatu, vinakuja. Ukiagiza dawa za fataki, unaanza kwa kuthibitisha kwamba wewe ni mtu. Muuzaji wa Uhispania anataka leseni, kibali cha polisi cha kuingiza mzigo, na barua kwamba tuna ghala lenye kuta za unene fulani. Polisi nao wanataka barua ya muuzaji kwamba amekubali kutuuzia. Nikawauliza kipi kinatangulia. Kijana wa dirishani akaniambia, "Vyote viwili, mama."

Jumapili, 7 Aprili

Upepo wa xlokk umeanza, ule wa kusini unaoleta vumbi na unyevu. Shuka hazikauki. Magoti yananiuma.

Jumapili, 14 Aprili

Kaka alikuja kunywa chai baada ya misa. Sisi chai tunainywa kwenye glasi, na glasi haifichi kitu. Niliona chai inacheza ndani. Akaishika kwa mikono miwili. Bado inacheza.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Hiyo mikono, kaka."

Akaiweka glasi chini taratibu sana, kama mtu anayepanga mayai. "Nikiwa kazini haitetemeki," alisema. "Nikipewa nafasi, nikienda polepole, haitetemeki hata kidogo. Hii Taji inataka mwezi mzima, dawa ikae ikauke, mtu asinikimbize. Nipe huo mwezi, Mena. Daktari wa Septemba nitamjibu Septemba."

Wenzake hawajui. Nimeandika hapa ili nisiongee kwingine. Marehemu Spiru, aliyemfundisha kazi, alikufa kwa mlipuko wiki ya sikukuu, siku moja ambayo dawa ilikuwa haijakauka na watu walikuwa na haraka. Kaka alikuwa ametoka kwenda kununua mkate. Huwa haisemi habari hiyo, na huwa hali mkate wa duka lile.

Jumatano, 1 Mei

Kibali kimetoka. Nimekibusu, kisha nikaona aibu.

Ijumaa, 10 Mei

Meli. Kwa mwezi ni meli moja tu inayokubali mzigo wa namna yetu, nayo inauweka juu sitahani, peke yake, kama mgonjwa wa kuambukiza. Na ukifika haulali bandarini hata saa moja: unatoka melini unapanda lori, polisi mbele, polisi nyuma, moja kwa moja hadi ghala lililoandikwa kwenye karatasi. Binti wa ofisi ya wakala amenisomea jina kwenye simu mara tatu. "Carmelo Farrugia?" Ndiyo. "Carmelo Farrugia?" Ndiyo, mwanangu. Mara ya tatu nikamuuliza kama anataka nimwimbie.

Jumatatu, 20 Mei

Meli imetupita. Xlokk. Nahodha hakutaka kukaa nje na mzigo ule. Ameupeleka Sicilia.

Jumanne, 21 Mei

Xlokk.

Alhamisi, 23 Mei

Xlokk. Wistin, yule mwashi, fundi mkono wa kulia wa kaka, amekuja kuuliza mara mbili leo kama mzigo umefika, kana kwamba nimeuficha chini ya kitanda. Ana miaka arobaini na kichwa cha kiberiti. Nampenda, lakini si kila saa.

Jumanne, 4 Juni

Nitaandika yote, kwa sababu nisipoandika leo kesho nitaanza kujitetea.

Asubuhi wakala alipiga simu: mzigo umeshuka, lori limetoka. Siku arobaini na saba kabla ya sikukuu. Kaka anahitaji thelathini. Nilitembea hadi chumba cha moto na thermosi ya chai na mikate ya zeituni na samaki wa kopo, tukasimama wote langoni. Kaka alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa amevaa shati la sikukuu.

Barabara ile inafika kwenye kikanisa cha shambani, inagawanyika. Kulia ni kwetu. Kushoto, mita mia sita ng'ambo ya shamba la viazi, ni kwa Ġenesju. Tuliona pikipiki ya polisi, tukaona lori, tukaona pikipiki ya pili. Wistin alianza kupiga makofi.

Wakakata kushoto.

Nilidhani wamepotea njia. Sote tulidhani. Wistin alikimbia akivuka viazi vya watu akipunga kofia. Mimi na magoti yangu tulizunguka kwa barabara. Nilipofika, sajini alikuwa amesimama na karatasi mkononi, na Njiwa yuko mlangoni kwake na fulana ya kazi, amepigwa butwaa.

"Mzigo ni wetu, afande," nilimwambia. "Mimi ndiye niliyeuagiza."

"Mpokeaji ni Carmelo Farrugia."

"Ndiye huyo kule, ng'ambo."

"Na mimi ni nani?" Njiwa aliuliza, si kwa kejeli. Alikuwa anauliza kweli.

Sajini akanionyesha namba ya leseni. Kisha namba ya ghala, ambayo ofisi huinakili kutoka kwenye leseni. Nilitazama nakala yangu mwenyewe, pini yangu, doa jeusi. Niliangalia jina mara ishirini tangu Machi. Namba sikuiangalia hata mara moja. Doris alinipa karatasi iliyobaki kwenye mashine, ya yule aliyenitangulia.

"Basi geuzeni lori," Wistin alisema. "Ni dakika tatu."

Sajini alikuwa mtu mzima, hakupandisha sauti. "Kaka, mimi na lori hili tuna kibali cha kufika hapa. Kutoka hapa kwenda pale hatuna."

Wakashusha. Wakapiga lakiri. Nikarudi langoni kwetu kumwambia kaka yangu kwamba nimeagiza dawa zake kwa jina lake na kumpelekea mtu mwingine.

Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kibali cha kuhamisha kinachukua muda gani?"

"Wanasema wiki mbili."

"Basi bado nina mwezi," alisema. Akaninywesha chai yangu mwenyewe.

Jumatano, 5 Juni

Foleni. Fomu ya kuhamisha mzigo wa hatari haipo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuomba. Watatunga.

Jumatatu, 10 Juni

Bado wanatunga.

Alhamisi, 13 Juni

Wistin amekuja na mpango. Ana lori dogo, Njiwa ana ufunguo, ukuta wa shamba una pengo. "Mita mia sita, dada Mena. Ni umbali wa kumpelekea jirani sufuria."

"Na lakiri?"

"Lakiri ni kipande cha risasi na uzi."

"Na ukigonga jiwe?"

Ana watoto watatu. Nilimwambia akijaribu nitampigia simu sajini mimi mwenyewe, na nitampikia huko atakakofungwa. Akaondoka akisema mimi nilitosha kuwa mwanamke wa Ġenesju. Kwetu hilo ni tusi kubwa kuliko mengi.

Ijumaa, 14 Juni

Njiwa amekuja nyumbani. Katika miaka yangu sitini na tatu hakuna mtu wa upande ule aliyekanyaga baraza hii. Alisimama nje, hakutaka kuingia, akanipa daftari la shule.

"Nimekuandikia unyevu wa ghala, bi Mena. Asubuhi na jioni. Mambo yako yako salama. Nimeyaweka mbali na yangu."

"Umesumbuka."

"Sikusumbuka. Ni jina langu lile." Akakohoa. "Huyo wenu, Wistin, alikuja kuomba ufunguo. Nilimwambia aje achukue siku nikifa. Usimgombeze, mie umri wake nilikuwa mjinga kumshinda."

Miaka yote nimemwita huyu mtu mwizi wa makofi, kwa sababu mwaka wa kimbunga alipata makofi mengi kuliko sisi. Niliingia ndani nikakaa.

Ijumaa, 21 Juni

Leo ndiyo siku ya thelathini. Kibali hakijatoka. Kaka alipita dirishani, hakuuliza. Mikono iko mifukoni, joto lote hili.

Jumatano, 26 Juni

Xlokk. Wanasema meneja yuko likizo.

Jumatatu, 1 Julai

Xlokk. Sasa kaka anasema siku ishirini zinatosha, akiacha mambo fulani.

Jumamosi, 6 Julai

Xlokk. Sasa anasema kumi na tano zinatosha.

Ilikuwa mwezi mzima. Alisema mwenyewe, kwenye meza hii.

Ijumaa, 12 Julai

Kibali kimetoka. Kinatumika kesho Jumamosi tu, saa mbili hadi saa sita mchana, na polisi wawili. Nilipaswa kupiga simu leo kabla ofisi hazijafungwa kuthibitisha kwamba tunawataka hao polisi.

Nilipita chumba cha moto kwanza. Sikuwaambia kitu. Nilisimama tu langoni. Kaka alikuwa anafunga tufe dogo, la kawaida, kwa karatasi na uzi, kazi anayoifanya tangu ana miaka kumi na nne. Uzi ulimponyoka. Akaudaka. Ukamponyoka. Wistin akamwambia, "Lete, mzee, nikusaidie," kwa utani, na kaka akageuka akamkemea kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Siku tisa, na xlokk bado inavuma, na dawa inayotaka mwezi kukauka.

Nilirudi nyumbani. Nimekiweka kibali kwenye droo, chini ya vitambaa vya meza. Sikupiga simu.

Najua ninachomnyang'anya. Nataka ijulikane kwamba najua.

Jumamosi, 13 Julai

Saa sita ilipogonga nilikwenda kwake, nikaweka kibali mezani pake.

Alikisoma hadi mwisho. Aliangalia tarehe, akaangalia saa ya ukutani.

"Umekipata lini?"

"Jana."

"Na hukuniambia."

"Sikukuambia. Ungekubali, na usingekuwa na mwezi. Ungekuwa na siku tisa, dawa mbichi, na mikono hiyo. Ule mkosi wa Spiru uliukwepa kwa mkate tu, kaka."

Nilidhani atapiga meza. Alikaa. Akasema taratibu, "Miaka kumi na mmoja, Mena. Umenizika na mimi naona."

"Ndiyo," nilisema. "Bora unaona."

Akaniomba nitoke.

Jumamosi, 20 Julai

Mkesha wa Mtakatifu Marina. Walirusha walizotengeneza tangu majira ya baridi. Zilikuwa nzuri. Watu walingoja Taji, maana Doris alikuwa ameshatangaza, na ilipokwisha bila Taji wakapiga makofi ya adabu. Wistin alilia waziwazi. Kaka alikuwa uwanjani na wenzake, wote kumi na mmoja wakitembea na miguu yao. Niliwahesabu mara mbili.

Hajanisemesha siku saba.

Jumatano, 24 Julai

Alikuja. Aliketi kiti chake kana kwamba tulikuwa pamoja jana.

"Njiwa amenisimamisha njiani," alisema. "Anauliza auandike vipi ule mzigo. Anatakiwa apeleke taarifa ya ghala mwisho wa mwezi."

"Ukamjibuje?"

"Nikamuuliza karatasi inasema ni wa nani. Akasema wa Carmelo Farrugia. Nikamwambia basi ni wake, aandike wake." Aligeuza zeituni kwenye sahani bila kuila. "Agosti yao iko mbali, siku thelathini na mbili. Bahasha yangu uliweka wapi?"

Nikampa mchoro. Alitoka nao, na sikumuuliza anaupeleka wapi, kwa sababu njia ya kushoto inaonekana kutoka jikoni kwangu.

Ijumaa, 26 Julai

Kaka hayumo kwenye leseni ya chumba cha Njiwa, kwa hiyo kisheria hawezi kuvuka lango. Mimi ndiye niliyewakumbusha, na wote wawili walinitazama kama nimetapika. Basi ameweka kiti cha kukunja nje ya ukuta, barabarani. Anakaa pale jioni na mchoro magotini. Njiwa anatoka, anauliza, anarudi ndani. Anatoka tena.

"Huu wa tatu unachelewesha vipi?"

"Usiupende sana. Ufunge, uuache."

"Ukoko, wewe mchoyo hata wa maneno."

"Na wewe bubu ungekuwa na faida zaidi."

Watu wa upande ule wananung'unika. Wa upande wetu hawanung'uniki, wanapita njia nyingine. Wistin hakupita njia nyingine. Leo alimletea mwavuli wa jua.

Jumapili, 4 Agosti

Upepo umegeuka. Kaskazini, mkavu. Shuka zilikauka kwa saa moja.

Jumapili, 18 Agosti

Kaka ananiambia ratiba ya kukauka kama mtu anayesimulia habari za mjukuu. Chai inacheza kwenye glasi, naye haifichi tena.

Alhamisi, 22 Agosti

Dukani kwa Doris. Anachapa ratiba ya fataki za Ġenesju, na kama ilivyo desturi kila tufe kubwa linaandikwa na jina la utani la fundi wake. Karmnu Njiwa, Karmnu Njiwa, Karmnu Njiwa, ukurasa mzima. Chini kabisa: *Taji. Kazi ya Carmelo Farrugia.*

"Nilidhani hapo pamekosewa," Doris aliniambia kwa sauti ya chini. "Nilimuuliza Njiwa mwenyewe. Nikamwambia ukiacha hivi watu hawatajua ni yupi. Akanijibu, acha hivyohivyo."

Nilimwomba nakala moja. Alinipa, na safari hii niliisoma yote.

Jumamosi, 24 Agosti

Siku ya wapinzani sisi hufunga madirisha na kwenda pwani, kisha kurudi kukiwa kimya. Hivyo ndivyo alivyofanya baba, na baba yake. Leo jioni kaka alikuja kwangu, akapanda ngazi hadi chumba cha juu bila kunisemesha, akafungua luva za dirisha. Bawaba zilipiga kelele; luva zile hazikuwahi kufunguliwa usiku kama huu. Nilizima taa ili majirani wasituone. Akaiwasha.

Tuliona zote. Alizikosoa zote isipokuwa mbili. Kisha pakawa kimya kirefu pale uwanjani, na nikajua.

Tufe lilipanda bila haraka. Kaka alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya kizingiti, inatetemeka, akihesabu kwa vidole. Moja. Mbili. Tatu, ule unaochelewa, ukachelewa. Nne. Wa tano ulifunguka mwekundu juu ya kanisa, ukasimama, ukageuka mweupe, na mtaa mzima ulionekana kama mchana: majirani zetu wanafiki, walio kwenye mapaa yao wakati walisema wako pwani, na Wistin katikati yao na watoto wake watatu.

Halafu umati wa uwanjani ukaanza kuita jina la fundi. "Karmnu! Karmnu!"

Hakuna aliyesema ni Karmnu gani. Kaka alinitazama. Kisha akatoa mkono nje ya dirisha, unatetemeka vile ulivyo, akawapungia.